Kushuka Ewuaso ni Fuliza

Niwaambie ukweli kabla mbogi ianze kubeba pampu: kutoka Ngong hadi Ewuaso Kedong hunyongi baike, unaikalia tu. Ukishapita Kibiko lami inainama, bonde lote linafunguka mbele yako, Suswa imekaa huko chini kama sufuria imefunikwa, na breki zinaanza kulia. Hiyo raha yote ni Fuliza. Unaitumia ngware ukicheka, inakatwa jioni.

Tulitoka wanne, Jumamosi ya Aprili, kila msee na maji yake na chapo mbili ndani ya gazeti. Januari huku ni vumbi na jua ya kuchoma kisogo. Aprili ni nchi ingine. Mvua ikishapiga, nyasi inatoka mpaka katikati ya mawe, miti ya miiba inavaa maua, na ng'ombe wanavuka barabara pole pole kama wenye hati ya shamba. Gari ni za kuhesabu. Unaskia mnyororo wa baike ya mwenzako ukiomba mafuta, unaskia kengele ya mbuzi mbali, basi.

Watoi wakatuona, wakatoka mbio kwa boma mpaka barabarani. Nilidhani wanataka switi. Wakasimama, wakainamisha vichwa. Beshte yangu wa Umoja akawatolea gota, ngumi ikabaki hewani. Hapa mtoi anakupea kichwa, unakigusa na kiganja, umemsalimia. Tuligusa vichwa saba.

Ngori ilianza tulipoacha lami tukate njia. Mwiba wa huku hauna haraka: unaingia, unatulia, unangoja ufike mbali. Senta ya Ewuaso niliingia nikisukuma. Fundi wa nduthi akachomoa tyubu, akaijaza upepo, akaizamisha kwa karai ya maji ya tope, akaizungusha kama anageuza chapo kwa pani. Povu hapa. Povu pale. La tatu lilitoka dogo, moja moja, akaliwekea kidole bila hata kuangalia, juu alikuwa anabonga na mtu wa pikipiki. Viraka tatu, soo na finje. Nikamwambia "Ashe," akacheka vile nimeitamka.

Yeyo wa hoteli alituletea chai ya maziwa, nzito, akauliza ni nani anatulipa kufanya hii kazi. Beshte akaanza risto ya Froome: vile alizaliwa Nairobi 1985, David Kinjah akamnoa huko Kikuyu, na akaenda kubeba Tour de France mara nne. Yeyo akaskiza yote mpaka mwisho.

"Na wewe?"

Beshte akarudia chai.

Kurudi ndio Fuliza ilianza kukata. Kwa milima ya Ngong kuna feni za stima tangu 1993, zile za kwanza zililetwa na Wabelgiji, na bado sisi, watu tumesoma, tulishangaa kupata upepo. Unanyonga, feni ziko palepale. Unanyonga tena, palepale. Msee mmoja aliapa zinarudi nyuma. Kimuka kabla ifike, magoti yangu yalikuwa yameshagoma.

Mat ikatokea, tukaisimamisha. Konda akacheki baike nne, akatucheki sisi, akasema baike inalipa kama mtu. Hakuna aliyebishana. Zikapandishwa kwa keria, zikafungwa kando ya mbuzi wawili wa kuuzwa, na tulipoziteremsha Ngong, raba ya kishikio changu cha kushoto ilikuwa imedishiwa nusu.