Usiikimbie arusi kwa kukosa zawadi

Kadi imefika. Ina utepe wa rangi ya dhahabu na majina mawili unayoyajua vyema, lakini kabla hujasoma arusi ni wapi na ni saa ngapi, moyo umeshaanza kupiga hesabu. Kuna karamu ya kina dada ya kumuaga bi arusi. Kuna mikutano ya kamati. Kuna nguo ya sare ikiwa umeteuliwa kuwa msimamizi, na mwisho kuna zawadi yenyewe ya siku ya arusi. Mshahara ni ule ule. Na ikiwa wewe ni mwanafunzi, hata huo mshahara haupo.

Nalijua jambo hili kwa sababu liliwahi kunifanya nimkimbie rafiki yangu. Tulisoma pamoja, tukalala chumba kimoja chuoni, tukagawana hata sabuni. Alipokaribia kuolewa, kina dada walikubaliana kila mmoja atoe shilingi 5,000 ili anunuliwe friji. Sikuwa nazo. Badala ya kusema hivyo, nilidanganya kwamba nimekwenda mashambani kumwona mgonjwa, na siku ya karamu nikajifungia nyumbani, mapazia yameteremshwa mchana kutwa. Tulipokutana miezi kadhaa baadaye aliniuliza swali moja tu: "Mgonjwa alipona?"

Alijua. Friji alikuwa nayo, na chupa za chai saba juu yake. Aliyekosekana ni mimi.

Kwa hiyo, msomaji, adabu ya kwanza ya zawadi inahusu mfuko wako mwenyewe. Ukiona mchango uliopangwa unakushinda, mwone mwenyekiti wa karamu faraghani, tena mapema, wala usingoje siku ya mwisho. Mwambie, "Dada, mimi nitaweza elfu moja, na nitakuja asubuhi kusaidia kupika." Huna haja ya kueleza kodi ya nyumba wala karo ya mdogo wako. Ikiwa wewe ndiwe mwenyekiti, usisome majina na kiasi mbele ya watu, wala usiyatangaze katika kundi la simu ambako kila mtu anaona nani ametoa na nani bado. Kadi ya zawadi iandikwe kuwa imetoka kwa kina dada wote, basi. Kukopa pesa za riba ili uonekane umetoa ni upuuzi, na maarusi wenyewe wangesikitika wakijua.

Sasa tuje kwenye zawadi. Kabla ya kununua, uliza. Usimwulize bi arusi mwenyewe, maana ataona haya na kukujibu kwamba chochote ni sawa. Mwulize msimamizi wake, au dada yake, au shangazi anayeshughulikia mambo ya nyumbani. Uliza pia wataishi wapi. Wengi wa maarusi wa Nairobi huanza maisha katika chumba kimoja chenye bafu na jiko pembeni. Ukiwapelekea kabati la vioo la futi sita, umewapa kazi ya kutafuta pa kuliweka. Seti kubwa za vikombe ndizo zinazopendwa kununuliwa, na ndizo zinazofungwa katika maboksi chini ya kitanda miaka nenda miaka rudi. Kumbe hakuna aliyekumbuka ndoo, karai, mwiko, pasi ya nguo au mtungi wa gesi wa kilo 6! Sufuria nzito za Kamukunji, zile zinazofuliwa na mafundi wa jua kali, huenda zikawa bei nafuu kuliko picha ya kutundika ukutani, na zitapika ugali kila jioni.

Kuhusu karamu yenyewe ya kina dada, kumbuka ni nani atakayekuwa ameketi pale. Siku hizi zawadi hufunguliwa hadharani, moja baada ya nyingine, huku watu wakipiga vigelegele. Mama mzazi yupo. Mama mkwe yupo. Pengine mke wa mchungaji naye yupo. Rafiki akileta nguo za chumbani zisizozidi upana wa leso ya kufutia jasho, bi arusi hujua pa kuziweka mikono lakini hajui pa kuyaweka macho. Si vibaya kumpa vitu hivyo. Mpe kando, mkiwa wawili.

Ukialikwa pwani, Mombasa au Lamu, yapo mengine ya kuzingatia. Huko zawadi nyingi zina majina na wenyewe tangu jadi. Kilemba ni cha baba wa bi arusi, mkaja ni wa mama yake, na kipamkono ni ile zawadi ambayo bwana arusi humpa mkewe wanapokutana. Hizo ni ada za upande wa mume, mgeni hazimhusu. Kinachokufaa wewe ni leso nzuri, lakini soma maandishi yake kabla ya kulipa. Wapo wanawake waliokosana kwa sababu ya leso, kwani baadhi ya maandishi ni ya dua na upendo, na mengine ni ya vijembe vya wake wenza na majirani. Muuza leso wa Mtaa wa Biashara kule Mombasa atakuchagulia ukimwambia ni ya bi arusi, na huenda akakuonyesha kisutu, ile leso ya weusi, wekundu na weupe ambayo tangu zamani ni ya maarusi.

Lakini linaloleta machozi zaidi kuliko yote ni ahadi. Unakaa katika kamati, chai imeandaliwa, mwenyekiti anachangamsha watu, jirani yako anaahidi elfu 10, nawe kwa kuona aibu unasema elfu 10. Mweka hazina anaandika. Kwa kutegemea daftari hilo, maarusi wanalipa arubuni ya hema, viti, magari na mpishi. Wiki ya arusi inafika, simu yako haishikwi. Wako vijana walioanza ndoa kwa kulipa madeni ya wali na nyama walioliwa na watu waliowaahidi pesa. Ahidi kile ambacho hata leo jioni ungeweza kukitoa. Mambo yakiharibika, kama yanavyoharibika kwa kila mtu, mpigie mweka hazina kabla hajaagiza vyakula, umwambie kiasi utakachoweza. Hatafurahi, lakini atapunguza mbuzi mmoja na arusi itaendelea.

Na kwa maoni yangu, aliyetoa mchango wa kamati ameshatoa zawadi. Akija siku ya arusi na kadi tu, asionekane mkono birika.

Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, bahasha zimepungua na kadi nyingi huja na nambari ya kutuma pesa. Wazee wengine huona ni kuomba waziwazi. Mimi sioni ubaya, mradi nambari iandikwe chini kabisa, kwa herufi ndogo. Unayependelea bahasha, andika jina lako kwenye kikaratasi cha ndani, maana bahasha za nje hutupwa wakati wa kuhesabu. Na ukipenda kumtunza bi arusi kwa noti anapocheza, mpe mkononi au uzitie kapuni. Usizitoboe kwa pini wala kuzibandika kwa gundi. Kuharibu noti kwa makusudi ni kosa kisheria.

Nawe bi arusi, mweke mtu mmoja mwenye kalamu na daftari wakati zawadi zinafunguliwa, aandike nani kaleta nini. Baada ya hapo mshukuru kila mtu kwa kuitaja zawadi yake, awe ameleta friji au ameleta vijiko sita.

Rafiki yangu yule nilikwenda kumwona hatimaye, karibu mwaka mzima baada ya arusi. Nilibeba sufuria mbili na kilo mbili za sukari. Wageni walikuwa wameacha kuja zamani, na sukari ilikuwa imeisha asubuhi ile. Alichukua moja ya zile chupa saba, akaisuuza, tukanywa chai mpaka magari ya kurudi mjini yakaanza kuadimika.