Lofa, Sapatu na Ngozi ya Thika

Viatu vya ngozi visivyo na kamba, ambavyo vijana wa Ruiru na Thika huviita lofa, vimebeba neno lililoingia katika Kiswahili mara mbili. Lofa wa kwanza ni mtu asiye na kazi wala mali. Benjamin Mkapa alipowaita wapinzani malofa jukwaani Jangwani mwaka 2015, alizua mtafaruku. Lofa ya pili ni kiatu chenye asili ya Norwe, ambacho kampuni ya G. H. Bass ya Marekani ilianza kukiuza mwaka 1936. Wanafunzi wa vyuo huko walikipenda, wakawa wanachomeka sarafu katika ufa wa utepe wake.

Je, walimu wenzangu, sisi hatukuwa na neno? Tulikuwa nalo: sapatu, lililotoka kwa Wareno, wajenzi wa Ngome ya Yesu. Limo kamusini, ila sijamsikia mwanafunzi wa bara akilitumia. Na wanaowakemea vijana kwa kukopa wakumbuke kwamba sapatu nalo ni la mkopo.

Linaloniudhi mimi ni jingine. Thika ina viwanda vya kusindika ngozi, lakini kwa miaka mingi sehemu kubwa ya ngozi ya Kenya imeuzwa ng'ambo ikiwa imesindikwa nusu tu, bado mbichi na ya samawati. Kisha kijana wa Ruiru hununua lofa za mtumba zilizoshonwa huko huko. Somo la maneno ya mkopo lingeweza kuanzia kwenye lango la kiwanda, kamusi ikafuata.