Glasi ya maziwa inatuambia nini kuhusu mageuzi?

 

Katika darasa la wakubwa liliulizwa swali ambalo halikuisha ndani ya kipindi, kwa hiyo nalijibu hapa. Shuleni kwao siku za wiki watoto wanasoma mageuzi, yaani jinsi viumbe wanavyobadilika kizazi baada ya kizazi. Mmoja akauliza: "Mwalimu, ushahidi uko wapi? Si mambo ya zamani za dinosaria?" Ushahidi ni mwingi, lakini leo nachagua ulio karibu kabisa: uko kwenye friji, na ndani ya matumbo yetu.

Sukari iliyomo kwenye maziwa inaitwa laktosi. Haiwezi kupita kwenye ukuta wa utumbo ikiwa nzima. Lazima kwanza ikatwe vipande viwili. Kazi hiyo hufanywa na kimeng'enya kiitwacho laktasi, kinachotengenezwa katika utumbo mwembamba. Watoto wachanga wanacho, ndiyo maana wananyonya na kunenepa. Lakini karibu wanyama wote wanaonyonyesha, wakishaachishwa ziwa, miili yao hupunguza kukitengeneza. Ndama akishakula majani, laktasi ya nini tena?

Binadamu naye ni hivyo hivyo. Kama theluthi mbili ya watu wazima duniani wana laktasi kidogo tu. Wakinywa glasi kubwa ya maziwa, laktosi inafika utumbo mpana bila kukatwa, bakteria wanaifanyia karamu, na tumbo linajaa gesi, linanguruma au linaendesha. Wazazi, hapa naomba tutulie kidogo, maana kuna watoto wanaoambiwa wanadeka wanaposukuma glasi ya maziwa pembeni. Mtoto huyo hadeki, wala si mgonjwa. Mwili wake unafanya kama miili ya watu wengi ilivyofanya tangu zamani. Wa kushangaza hasa ni yule mtu mzima anayekunywa nusu lita na kuondoka zake akipiga mluzi.

Watu wa namna hiyo Sweden ni wengi mno. Hata jina la mtaa wetu wa Vällingby linafanana na välling, ule uji wa maziwa wanaopewa watoto hapa. Mwaka 2002 watafiti wa Finland waligundua sababu. Vinasaba vyetu ni kama kitabu chenye herufi bilioni tatu, kilichoandikwa kwa herufi nne tu: A, C, G na T. Umbali wa herufi 13,910 kabla ya jeni ya laktasi kuna mahali panapofanya kazi kama swichi. Kwa watu wengi pana herufi C. Kwa Wafini na Waswidi wengi pana T, na swichi hiyo haizimiki utotoni.

Sasa twendeni nyumbani. Wamasai wanakunywa maziwa ukubwani, tena mengi. Je, nao wana ile T? Sarah Tishkoff wa Marekani, pamoja na wenzake, akiwemo Thomas Nyambo wa Muhimbili, Dar es Salaam, walikwenda kuangalia. Waliwapima watu 470 wa makabila 43 ya Tanzania, Kenya na Sudan. Kila mmoja alikunywa gramu 50 za laktosi iliyokorogwa kwenye maji, karibu sawa na iliyomo katika lita nzima ya maziwa, kisha akachomwa kidole kuona kama sukari imepanda kwenye damu. Ikipanda, laktosi imekatwa.

Majibu yalitoka mwaka 2007. Wengi waliweza kuikata, lakini ile T ya Ulaya haikuwa sababu. Wao walikuwa na badiliko lingine, herufi 100 tu kutoka pale: mahali pa 14,010, G imekuwa C. Baadaye Uarabuni, kwa wafugaji wa ngamia, likaonekana jingine tofauti na hayo mawili.

Wanafunzi, mnajua mwalimu anavyomkamata aliyenakili mtihani. Wawili wakikosea neno lile lile, kwa namna ile ile, mmoja amemwangalia mwenzake. Makosa yakiwa tofauti, kila mmoja alifanya peke yake. Wamasai hawakuipata herufi yao kwa Waswidi, wala Waswidi kwa Wamasai. Mahali pawili palipofugwa ng'ombe, mabadiliko mawili tofauti yalifanya kazi ile ile.

Badiliko lenyewe hutokea kwa bahati tu, kama kosa la mwandishi anayenakili kitabu. Ng'ombe hakulileta. Likitokea kwa wavuvi wasio na mifugo, halina faida. Likitokea kwa wafugaji wakati wa ukame, mwenye nalo anapata chakula na maji bila kuharisha, wakati jirani yake anadhoofika. Watoto wake wengi zaidi wanakua, nao wanarithi herufi hiyo. Huo ndio unaoitwa uteuzi asilia.

Kasi yake inaonekana. Kila kizazi vinasaba vya baba na mama huchanganywa kama karata. Ukikuta karata nyingi bado zimefuatana vile vile, unajua hazijachanganywa mara nyingi. Kwa wenye ile C ya Afrika Mashariki, kipande kinachoizunguka kinaweza kufanana kwa zaidi ya herufi milioni mbili. Maana yake imeenea haraka. Watafiti walikadiria ilianza kati ya miaka 3,000 na 7,000 iliyopita, na wachimbaji wa mambo ya kale nao wanaonyesha kwamba mifugo ilienea Kenya na Tanzania ndani ya miaka 5,000 hivi iliyopita.

Hapa Sweden tunaweza hata kuwauliza wafu. Mwaka 2010 vilichapishwa vipimo vya mifupa ya wawindaji wa kisiwa cha Gotland walioishi zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Ile T ilikuwa asilimia 5 tu ya nakala za jeni hiyo. Kwa Waswidi wa leo ni asilimia 74. Sehemu ya ongezeko hilo waliileta wahamiaji, kwani wakulima na wafugaji waliingia Sweden kutoka kusini na mashariki. (Ndiyo, hata zamani hizo kulikuwa na wahamiaji.)

Kuna pia makosa yanayofanana. Mbuzi na mbwa hutengeneza vitamini C mwilini. Sisi hatuwezi, maana jeni yake imeharibika. Kwa sokwe nayo imeharibika, kwa namna ile ile. Simbilisi, wale marsvin ambao watu hufuga nyumbani, wana jeni iliyoharibika pia, ila kwa namna yao wenyewe. Rudini kwenye mfano wa mtihani, mtaona nani ana ukoo wa karibu na nani.

Mambo ya imani kila familia inazungumza nyumbani kwake; hapa nimeandika yaliyopimwa.

Jumamosi ijayo wakati wa chai tutaweka mezani maziwa ya kawaida, maziwa yasiyo na laktosi, na mtindi. Mtindi huwasumbua wengi kidogo kuliko maziwa mabichi, kwa sababu bakteria wamekwisha kula sehemu ya laktosi. Wafugaji wetu waliujua ufumbuzi huo bila maabara. Asiyependa asilazimishwe. Watakaoonja watagundua kwamba maziwa yasiyo na laktosi ni matamu zaidi, ingawa hayakuongezwa sukari. Wazazi, msiwaambie kwa nini. Jibu limo humu, na nitawauliza wenyewe.