Samani, hewa na gharama ya lori

Mfanyabiashara wa samani akilalamikia gharama, ataanza na mbao, atafuatia na kodi ya eneo. Hewa huisahau. Kabati tupu likipandishwa kwenye lori huchukua nafasi ile ile ambayo lingechukua likiwa limejaa nguo, na nafasi hiyo lazima ilipiwe. Meza ina hewa chini ya ubao, sofa ina hewa ndani ya tumbo, kiti kina hewa kila upande. Ubunifu mwingi uliotajirisha watu katika sekta hii ulitokana na jitihada ya kuikwepa gharama hiyo. Urembo ulikuja baadaye.

Mjerumani Michael Thonet aliligundua jambo hilo mapema. Kiti chake namba 14, kilichotoka mwaka 1859 akiwa Vienna, kilikuwa na vipande sita vya mbao iliyolainishwa kwa mvuke na kukunjwa, skrubu kumi na nati mbili. Viti 36 vilivyofunguliwa vilienea kwenye sanduku la mita moja ya ujazo, vikasafirishwa na kufungwa huko huko vilikofika. Kufikia mwaka 1930 vilikuwa vimeuzwa viti milioni 50 hivi.

Sweden ilifuata karibu karne moja baadaye. Mwaka 1956 Gillis Lundgren, mfanyakazi wa IKEA, alikuwa na meza iliyokataa kuingia garini. Akaing'oa miguu. Kampuni ikaona biashara hapo: meza iuzwe ikiwa bapa ndani ya boksi, mteja aibebe mwenyewe na kuiunganisha mwenyewe. Kazi mbili za mwisho zenye gharama kubwa zikahamia kwa mnunuzi, naye anazifanya bila ujira na bado anashukuru kwa bei.

Kukunja na kubana nafasi si mambo mageni pwani ya Afrika Mashariki. Mbuzi ya kukunia nazi ni vibao viwili vilivyopishanishwa, na ulimi wa chuma wenye meno umechomoza mbele. Ukiifungua inakuwa kigoda, na uzito wa mkunaji ndio unaoituliza isihame huku mikono yote miwili ikizungusha kifuu. Kazi ikiisha inakunjwa na kuegemezwa ukutani nyuma ya mlango. Kifaa kimoja, kazi mbili, na hakina hata msumari usio na sababu. Chuo chochote cha usanifu kingejivunia kukifundisha.

Lakini bingwa wa kuishinda hewa ni kiti ambacho wasanifu wengi hukionea haya: kile cha plastiki. Mfaransa Henry Massonnet alitoa kiti chake, Fauteuil 300, mwaka 1972, na mashine zake zilikitoa kizima kwa muda usiozidi dakika mbili. Plastiki ya moto inasukumwa ndani ya kalibu, inapoa, kiti kinatoka na miguu yake, mgongo wake na mikono yake, bila kiungo hata kimoja. Gharama kubwa iko kwenye kalibu. Kiwanda kikishailipia, kinalazimika kuzalisha viti kwa maelfu, na kila kiti kinachoongezeka kinaishusha gharama ya kalibu kwa kila kimoja.

Kitazame kwa karibu. Ukuta wake ni mwembamba, ila kingo zimekunjwa ili zikaze. Nafasi za mgongoni zinaokoa malighafi, zinapitisha upepo na kuacha maji ya mvua yachuruzike. Miguu imetanuka kidogo kwenda nje, hivyo kiti cha pili kinaingia juu ya cha kwanza na kuacha vidole vichache tu vya pengo. Mji wa Basel, Uswisi, ulivipiga marufuku viti hivyo kwenye maeneo ya umma kuanzia 2008 hadi 2017, kwa hoja kwamba vinaharibu sura ya mji. Mwaka huo huo wa 2017, jumba la makumbusho la Vitra, ng'ambo tu ya mpaka upande wa Ujerumani, lilikifanyia kiti hicho maonyesho yake peke yake.

Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura haikuwepo haja ya maonyesho. Kule kupandana kwa viti kumezaa biashara nzima ya kukodisha viti na maturubai. Pikapu moja inabeba viti vya msiba mzima. Jioni vinahesabiwa, vinafungwa kamba, na asubuhi viko harusini mtaa wa pili. Mwenye mali huandika herufi zake kwa rangi mgongoni mwa kila kiti, maana vikichanganyika na vya jirani hakuna wa kuvitofautisha. Jua ndilo adui: huidhoofisha plastiki hadi ikapasuka. Kilichopasuka nacho hakitupwi haraka. Hutobolewa matundu pembeni mwa ufa na kushonwa kwa waya, kikaendelea na kazi nyuma ya duka.

Mhandisi wa Marekani Don Schoendorfer alikwenda mbali zaidi. Alichukua kiti cha plastiki cheupe cha kawaida, akakifunga kwenye fremu ya chuma na magurudumu ya baiskeli, kikawa kiti cha watu wasioweza kutembea. Shirika lake, Free Wheelchair Mission, limeshagawa zaidi ya viti milioni moja katika nchi maskini.

Mafundi wa Keko jijini Dar es Salaam, wa Ngong Road Nairobi na wa Nsambya Kampala wanaikabili hewa kwa njia nyingine. Wao hawasafirishi sofa mbali. Kinachosafiri ni mbao, sponji na kitambaa, ambavyo hupangika vizuri. Sofa inazaliwa kilomita chache kutoka sebuleni. Mteja anafika na picha kwenye simu, wanapatana bei, anatoa malipo ya awali, na kwa pesa hiyo fundi ananunua mbao. Fundi hana ghala wala mkopo wa benki: mtaji ni wa mteja, na ukumbi wa maonyesho ni ukingo wa barabara.

Mfumo huo ni mwerevu, na una kasoro yake. Mteja anaona kitambaa, haoni mifupa. Mbao ambayo haikukaushwa vizuri inapinda ndani kwa ndani, na baada ya miezi kadhaa sofa inaanza kulia kila mtu anapokaa. Hapo ndipo viwanda vimeona upenyo. Kampuni ya Moko ya Nairobi ilianza mwaka 2014 kwa kuwauzia watengenezaji wa samani malighafi kama sponji, kisha ikageuka na kuuza sofa zake yenyewe moja kwa moja kwa wateja. Mwaka 2022 ilipata mtaji wa dola milioni 6.5 kwa ajili ya kujipanua.

Picha ile ya kwenye simu ya mteja inabakisha swali la nani anamiliki wazo, na jibu zuri liko jikoni. Jiko la mkaa lenye kigae, lililoenea Kenya kuanzia miaka ya 1980, lilitokana na jiko la ndoo la Thailand. Wasanifu walilibana kiuno: kigae kikabaki nusu ya juu tu, kwa hiyo udongo ukapungua, na kitako kikabaki kipana lisipinduke ugali ukisongwa. Kazi ikagawanyika. Wafinyanzi wanachoma vigae. Mafundi wa jua kali, kama wale wa Kamukunji jijini Nairobi, wanafua mabati. Hakuna aliyewazuia kuiga, ushindani ukashusha bei, na jiko likafika nyumba ambazo lisingefika kwa tangazo lolote. Uigaji huo huo umeleta vigae vyembamba vinavyopasuka mapema, na mnunuzi hana nembo ya kumshikia mtu.

Kampuni ya Burn, iliyofungua kiwanda Ruiru, Kenya, mwaka 2014, ilichagua njia ya pili: jiko lake la Jikokoa lina jina, lina dhamana, na linatoka kiwandani likiwa na vipimo vilivyo sawa. Bei yake iko juu ya lile la Kamukunji kiasi kwamba kampuni imelazimika kutafuta njia za kuwauzia wateja kwa malipo ya awamu. Fundi wa Kamukunji hana mpango wa awamu. Ana nyundo, bati na wateja wa pesa taslimu, na hadi sasa hakuna upande ulioufukuza mwingine sokoni.