Dokezo Linalopanda Ngazi: Uandishi wa Kazini Miongoni mwa Wataalamu wa India

Neno karani, ambalo katika Kiswahili humtaja mtu anayetunza hesabu na kuandika barua za ofisi, lilivuka Bahari ya Hindi pamoja na laki, hundi, bima na chapa, na huko lilikotoka, hasa Bengali, lilikuwa jina la mwajiriwa aliyenakili na kutunga maandishi ya Kiingereza. Si ajabu kwamba ofisi za pwani ya Afrika Mashariki ziliazima msamiati huo, kwa kuwa katika karne ya 19 ushuru wa forodha ya Unguja ulikusanywa kwa miaka mingi na wafanyabiashara wenye asili ya Kutch nchini India. Karani huyo hakutoweka kwao. Mrithi wake wa leo huketi Bengaluru, Hyderabad au Pune mbele ya kompyuta, akiandika kwa Kiingereza miongozo, taarifa na barua pepe zitakazosomwa na watu asiowafahamu, walio katika nchi ambazo huenda hatazifikia, na mengi yanayomtatiza katika kazi hiyo yana asili ya zamani kuliko kompyuta yenyewe.

Uandishi wa kiufundi ni utungaji wa maandishi yanayomwezesha msomaji kutenda jambo au kuelewa kifaa: mwongozo wa mtumiaji unaofungashwa na pampu ya maji, maelezo ya hatua za kufuata katika kiwanda cha dawa, nyaraka zinazomweleza mtayarishaji wa programu jinsi ya kuiunganisha programu yake na ya mwingine. Msomaji wa maandishi hayo ana haraka, pengine ana hofu kwa sababu kitu kimeharibika, na hana habari wala haja ya kumjua mwandishi. Hapo ndipo uandishi huu unapotengana na barua ya ofisi, ambayo kwa kawaida huandikwa na mtu mwenye cheo fulani kwa mtu mwenye cheo kingine, na ambayo nusu ya kazi yake ni kuonyesha kwamba mwandishi anatambua tofauti iliyopo baina yao.

Adabu hiyo ya vyeo ina historia ndefu nchini India. Dola ya Mughal iliendeshwa kwa Kiajemi, na aliyeandika barua zake aliitwa munshi. Elimu ya munshi iliitwa insha, neno lile lile ambalo mwanafunzi wa Kiswahili hulikuta kwenye karatasi ya mtihani, ila kwa munshi lilimaanisha sanaa ya kutunga barua kwa kuzingatia daraja la mwandikiwa. Vielelezo vya barua vilikusanywa vitabuni, na humo mwanafunzi alijifunza sifa zipi za kutanguliza anapomwandikia mfalme, waziri, mtu wa rika lake au aliye chini yake. Chandar Bhan Brahman, Mhindu aliyekuwa munshi katika zama za mfalme Shah Jahan, alisifika kwa umahiri wa Kiajemi ambacho hakikuwa lugha ya mama yake, na kwa hiyo anaweza kuhesabiwa kuwa babu wa mbali wa kila mtaalamu wa India anayekula kwa jasho la lugha ya kujifunza. Kampuni ya Kiingereza ya India ya Mashariki nayo iliwaita vijana wake wa daraja la chini waandishi, na jumba lililojengwa kwa ajili yao Kolkata mwaka 1777 linaitwa Jumba la Waandishi hadi leo. Baada ya waraka wa afisa Mwingereza Thomas Macaulay wa 1835, uliotaka fedha za elimu zielekezwe kwenye Kiingereza, na baada ya Kiajemi kuondolewa katika mahakama za Kampuni kuanzia 1837, lugha ya barua ilibadilika, lakini adabu ya insha kwa kiasi kikubwa ilivishwa tu nguo mpya.

Nguo hiyo inaonekana vizuri zaidi katika jalada la Serikali ya India. Jalada hilo lina sehemu mbili, moja ya barua zilizopokelewa na kutumwa, na nyingine ya madokezo, ambayo kwa desturi huandikwa kwenye karatasi za rangi ya kijani. Afisa wa chini huanza kwa kueleza suala, kanuni zinazolihusu na yaliyoamuliwa zamani katika masuala yanayofanana nalo, kisha hulipandisha jalada kwa aliye juu yake, ambaye huongeza aya yake au hutia saini tu, nalo huendelea kupanda hadi kumfikia mwenye mamlaka ya kuamua, kisha huanza kushuka. Katika safari hiyo mtendaji hupotea ndani ya sentensi: inapendekezwa, imeonekana, inawasilishwa kwa maelekezo. Msomaji wa Afrika Mashariki aliyezoea barua zinazoanza kwa kuomba ahusike na kichwa cha habari hapo juu hahitaji kufafanuliwa zaidi, kwani masijala za pande zote mbili za bahari zilipitia mikononi mwa Mwingereza yule yule. Ni haki kuongeza kwamba mtindo huo una faida yake, maana unaacha kumbukumbu ya nani alifikiri nini na lini, na tangu Sheria ya Haki ya Kupata Habari ya 2005, raia wa India wamekuwa wakidai kusoma madokezo hayo, jambo ambalo walioyaandika hawakulitarajia.

Mtaalamu wa sekta binafsi huingia kazini akiwa amelelewa katika mazingira hayo, na katika lugha ambayo si yake. Katika sensa ya 2011, katika nchi yenye watu zaidi ya bilioni moja na milioni 200, wasiotimia laki tatu walikitaja Kiingereza kuwa lugha yao ya kwanza, ilhali zaidi ya milioni 120 walikitaja kuwa ya pili au ya tatu. Katiba ya 1950 ilikusudia Kihindi kikiondoe Kiingereza katika shughuli za serikali kuu baada ya miaka 15, lakini upinzani uliolipuka miongoni mwa Watamil wa Madras mwaka 1965, pamoja na sheria ya 1963 iliyorekebishwa 1967, ulikifanya kibaki bila ukomo, kwa sababu Mtamil aliona ni heri lugha iliyo ngeni kwa wote kuliko iliyo ya baadhi.

Halafu ikaja biashara ya programu. Kampuni ya Texas Instruments ilifungua kituo chake Bengaluru mwaka 1985, na baada ya mageuzi ya uchumi ya 1991 kampuni za nyumbani kama Tata Consultancy Services, Infosys na Wipro zilikua kwa kuwahudumia wateja wa Marekani na Ulaya, hasa pale hofu kwamba kompyuta zingeshindwa kuusoma mwaka 2000 ilipozua kazi nyingi kuliko mikono. Biashara hiyo iliupa uandishi uzito ambao haukuwa nao. Majira ya joto, inapogonga saa kumi na mbili jioni Bengaluru, New York ni saa mbili na nusu asubuhi. Mmoja anafunga kazi, mwingine anaanza, na kinachounganisha siku hizo mbili ni ujumbe wa makabidhiano, yaani maandishi yanayosema kilichofanyika, kilichokwama na kinachosubiriwa. Mwandishi wake atakuwa amelala wakati unaposomwa, kwa hiyo hawezi kuulizwa alikuwa na maana gani, na swali moja lililosahaulika hugharimu siku nzima.

Katika ujumbe wa namna hiyo ndipo Kiingereza cha India hukutana na masikio yasiyokizoea. Mengi yanayodhaniwa kuwa makosa ni urithi halali: kauli maarufu ya "do the needful", inayomwomba mwandikiwa afanye linalopasa, ilikuwa ya kawaida katika ofisi za Waingereza wenyewe kabla ya kuchujuka kwao na kubaki India. Mengine ni ubunifu, kama "prepone", kitenzi cha kutanguliza kikao kabla ya siku iliyopangwa, kilichoundwa kwa kufuata mfano wa kile cha kuahirisha na ambacho kamusi za Oxford zimekikubali. Mengine bado ni ya hatari. Mhindi anayesema ana "doubt" kwa kawaida ana swali tu la kuuliza, kama mwanafunzi anayenyoosha mkono darasani, lakini Mmarekani husikia kwamba kazi yake imetiliwa shaka. Hatari zaidi ni "revert", ambayo katika barua za India humaanisha kujibu, ilhali katika kazi ya programu humaanisha kuyafuta mabadiliko na kuirudisha programu ilivyokuwa; mtu akiandikiwa kuhusu mabadiliko ya jana kwamba tafadhali a-"revert" kabla ya jioni, anaweza kwa utiifu kabisa kuibomoa kazi ya wenzake.

Tarakimu nazo zina mitego yake. India huhesabu kwa laki na kwa "crore", ambayo ni laki mia moja, yaani milioni kumi, na mkato huwekwa kufuatana na hesabu hiyo, hivyo laki moja huandikwa 1,00,000 na milioni kumi huandikwa 1,00,00,000. Mswahili anayetamka laki tano bila kusita ataielewa hesabu hiyo papo hapo, lakini mhasibu wa London akikuta mkato umekaa asipoutarajia hudhani tarakimu imeanguka. Kampuni makini humwagiza mwandishi achague mfumo mmoja tangu ukurasa wa kwanza, na tarehe ziandikwe kwa jina la mwezi, kwa kuwa 4/7 ni Julai mjini Chennai na ni Aprili mjini Chicago.

Maneno, hata hivyo, hufundishika kwa muda mfupi. Kigumu zaidi ni mwelekeo wa uso. Aliyefunzwa kuandika kwenda juu hutanguliza mazingira, historia na heshima, na kuliweka jambo lenyewe mwishoni, kama mposaji anavyozunguka kabla ya kutaja kilichomleta. Msomaji wa kiufundi hulitaka mwanzoni. Anayemjibu mkubwa husita kuandika kwamba kazi haitakamilika Ijumaa, akaandika kwamba atajitahidi, na mteja asiyejua kwamba kujitahidi huko ni hapana iliyosemwa kwa adabu hupanga uzinduzi wake Jumatatu. Kuwalaumu Wahindi peke yao kwa hili ni kukosa haki, kwa sababu mteja naye anayeandika mistari miwili mikavu bila salamu hushangaa kwa nini timu ya Pune imenyamaza, asitambue kwamba imejiona imefokewa.

Ajabu ni kwamba India ilikuwa na nadharia kamili ya maandishi ya kazi muda mrefu kabla ya wateja hao. Arthashastra, kitabu cha utawala kinachohusishwa na Kautilya, ambacho wataalamu wanaobishana kuhusu umri wake hukiweka kati ya karne ya nne kabla ya Kristo na karne ya tatu baada yake, kina sura nzima kuhusu mwandishi wa amri za mfalme. Sura hiyo hutaja sifa sita za andiko: mpangilio wa hoja, upatanifu wa linalofuata na lililotangulia, ukamilifu, utamu, hadhi na uwazi; kisha hutaja kasoro tano, nazo ni uchafu wa jani na mwandiko usiolingana, ukinzani, marudio, makosa ya sarufi, na mchafuko wa mgawanyo wa sehemu. Mhariri wa miongozo ya programu angeweza kuibandika orodha hiyo ukutani bila kuongeza kitu. Panini naye, katika sarufi yake ya Kisanskriti yenye kanuni karibu 4,000, alitumia utaratibu ambao neno lililotajwa katika kanuni moja huendelea kufanya kazi katika zinazofuata bila kurudiwa. Ufupi huo haukuwa wa kumsaidia mgeni, kwani ulihitaji wafafanuzi kwa karne nyingi, lakini unafanana na DITA, mfumo uliobuniwa na IBM ambao huugawa mwongozo katika vipande vya dhana, vya utaratibu wa kutenda na vya marejeo, ili kipande kiandikwe mara moja na kutumika katika vitabu vingi. Wanaoandika miongozo ya matengenezo ya ndege hubanwa zaidi, kwa kuwa kanuni za Kiingereza Rahisi cha Kiufundi huruhusu maneno yasiyozidi 20 katika sentensi ya maagizo, na kila neno lililoidhinishwa hupewa maana moja.

Muswada wa Arthashastra, ulioandikwa kwenye majani ya mtende, ulitambuliwa na mtunza maktaba R. Shamasastry mwaka 1905 mjini Mysuru, naye akauchapisha 1909. Katika mji huo huo Infosys imejenga kampasi kubwa ambako wahandisi wapya hufunzwa kabla ya kupangiwa kazi, na mawasiliano ni sehemu ya mafunzo yao, kwa kuwa wengi walisoma shule kwa Kikannada, Kitelugu au Kimarathi kabla ya kukutana na Kiingereza cha chuo. Baraza linalosimamia elimu ya ufundi liliruhusu mwaka 2021 uhandisi ufundishwe kwa lugha kadhaa za nchi, hatua inayomrahisishia mwanafunzi kuelewa mashine, ingawa mteja wa Chicago ataendelea kudai Kiingereza, na mwandishi wa kiufundi atazidi kusimama katikati.

Serikalini, karatasi inaondoka. Majalada mengi sasa hupita katika mfumo wa kielektroniki, ambamo afisa huchapa rasimu yake katika dokezo la manjano linaloweza kubadilishwa, kisha akiridhika hulithibitisha liwe la kudumu. Dokezo hilo la kudumu bado linaitwa la kijani, na bado linapanda.