Ishara za Hatari Barabarani

Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya hupita katika hifadhi ya wanyama ya Mikumi, hufuata bonde la Ruaha Mkuu, ndipo hupanda mlima Kitonga katika mkoa wa Iringa. Njia ya mlima huo ni nyembamba, yenye kona nyingi. Upande mmoja ni jabali na upande wa pili ni bonde. Malori yenye shehena nzito huupanda polepole sana. Lori likiharibika hapo, mara nyingi hukaa pale pale palipoliharibikia, kwani hapana nafasi ya kulisogeza kando. Dereva wake hushuka, na kabla hajafungua sanduku la vyombo vyake, hukata matawi mabichi ya miti na kuyapanga barabarani nyuma ya gari. Ajaye akiyaona hujua mara moja kwamba mbele kuna gari limesimama.

Desturi hii yajulikana na madereva wengi wa Afrika ya Mashariki, hata wale wasiopata kuisoma katika kitabu chochote. Tawi kavu laweza kuangushwa na upepo. Lakini matawi mabichi matatu au manne, yaliyolazwa kwa mstari na kuachana hatua kadhaa, hayakuanguka yenyewe. Ni wazi kwamba mtu ameyaweka, tena ameyaweka kwa sababu.

Lakini haitoshi kuweka ishara; yapasa kuangalia imewekwa wapi. Motokaa haisimami mara dereva aonapo hatari. Kwanza macho huona, akili hufahamu, na mguu huhamia kwenye breki. Na wakati huo wote gari laendelea na mwendo wake ule ule. Baada ya hapo ndipo breki zianze kazi. Motokaa ndogo iendayo kilometa 48 kwa saa, katika barabara kavu, huenda mita 9 hivi kabla breki hazijashika, na mita 14 tena hata isimame. Jumla mita 23. Ikienda kilometa 96 kwa saa, mita 9 zile huwa 18, lakini 14 huwa 55. Jumla mita 73. Angalieni hesabu hiyo vizuri. Mwendo umezidi mara mbili tu, bali sehemu ya breki imezidi mara nne. Tena hizo ni hesabu za motokaa ndogo penye ukavu. Lori lililojaa mizigo, au barabara iliyolowa mvua, hutaka nafasi kubwa kuliko hiyo.

Basi, dereva aliyelaza matawi yake hatua kumi nyuma ya lori amefanya kazi ya bure. Ajaye atayaona matawi na lori pamoja, na hatakuwa na nafasi ya kusimama.

Wazo la kutanguliza habari ya hatari si jipya. Katika Uingereza, sheria ya mwaka 1865 iliagiza kwamba kila gari la mvuke lipitalo barabarani litanguliwe na mtu aendaye kwa miguu, mwenye bendera nyekundu mkononi, naye awe mbele ya gari yadi 60, yaani mita 55 hivi, ili wenye farasi wapate kujitayarisha. Watu wa baadaye walicheka sana sheria hiyo, na kweli iliwachosha wenye magari, maana hawakuruhusiwa kupita maili 4 kwa saa mashambani. Hata hivyo, waliotunga sheria walifahamu jambo moja: habari ya hatari lazima ifike kabla ya hatari yenyewe.

Usiku tawi halifai kitu. Majani ni meusi juu ya lami nyeusi, na dereva huyaona yakiwa karibu mno. Kwa sababu hiyo magari huchukua pembetatu nyekundu. Ndani ya pembetatu hiyo mna vipande vidogo vingi vilivyokatwa kama pembe ya ndani ya sanduku, na mwanga ukiingia humo hurudishwa kule kule ulikotoka. Kwa hiyo dereva huiona ikiwaka kwa nuru ya taa zake mwenyewe, kama macho ya paka gizani, na hali mtu aliyesimama kando haoni mng'ao wowote.

Kitabu cha kanuni za barabara cha Uingereza chasema pembetatu iwekwe si chini ya mita 45 nyuma ya gari. Lakini chakataza kabisa kuiweka katika zile barabara pana za mwendo wa kasi, kwa kuwa mwenye kuipeleka aweza kugongwa yeye mwenyewe. Penye kona au kilele cha mlima, vipimo peke yake havitoshi: ishara na iwekwe kabla ya kona, mahali ionekanapo kutoka mbali. Na katika barabara ya kupishana, kama ile ya Kitonga, yafaa iwekwe pande zote mbili, maana ashukaye naye atakutana na wale wanaolikwepa lori.

Madereva wanaopishana huwashiana taa pia. Ishara hii ina udhaifu wake, kwani huweza kumaanisha ajali mbele, au ng'ombe barabarani, au askari mwenye chombo cha kupimia mwendo tu. Dereva asiyemwogopa askari huweza kuidharau, kumbe mbele kuna gari lililopinduka. Kwa hiyo wengine huongeza mkono: huutoa dirishani, kiganja kikitazama chini, wakiupandisha na kuushusha polepole. Ishara hiyo yasema "punguza mwendo", na ni vigumu kuikosea.

Lori likiisha kutengenezwa, kazi moja hubaki, nayo husahauliwa mara nyingi. Dereva amechoka, jua limekuchwa, naye huondoka na kuyaacha matawi, pamoja na mawe aliyoyaweka magurudumuni ili gari lisirudi nyuma. Mwenye pikipiki apitaye usiku hatalikuta lori, atalikuta jiwe. Nayo matawi yakikaa barabarani siku tatu pasipo gari mbele yake, wapitao huzoea kuyakanyaga bila kupunguza mwendo, na siku ya nne lori jingine huharibika.