Mtoto Anayetafuna Kitabu Njo Anaanza Kusoma

Tuseme ukweli. Wengi wetu tulishika kitabu mara ya kwanza siku tulipoingia shule ya msingi, na kilikuja pamoja na fimbo na pointi. Njo maana wengine, tangu watetee TFC, hawajafungua kitabu tena.

Sasa siye wenyewe tunaanza kuzaa. Vitabu viko nyumbani, lakini viko juu ya kabati, ndani ya sashe. Mtoto wa miezi nane akitambaa akamate kimoja, nyumba nzima inalia: « Acha hiyo buku ya papa, utaipasula! » Basi neno la kwanza analojifunza juu ya kitabu ni « acha ».

Masikio ya mtoto yanaanza kazi kabla hajazaliwa. Mwaka 1980, watafiti DeCasper na Fifer walionyesha kule Marekani kwamba mtoto wa siku chache tu anapenda sauti ya mama yake kuliko ya mwanamke mwingine. Macho yake yanaona vizuri kwa sentimita 20 hadi 30, karibu umbali wa uso wa mama anayemnyonyesha. Picha kubwa, yenye rangi zinazoachana wazi, ishikie pale pale.

Kuelekea miezi sita ataishika na kuipeleka mdomoni. Usimchape mkono: kwa umri ule, mdomo ni njia yake ya kuchunguza vitu. Kisha, karibu na mwaka mmoja, anaanza kuonyesha kwa kidole. Hapo usicheze na nafasi ile! Akionyesha mbuzi, mwambie: « Ndiyo, ni mbuzi. Mbuzi analia namna gani? Meee! » Umemfuata pale akili yake iko, na neno linaingia bila nguvu. Akigeuza kichwa, amechoka. Funga, mtaendelea kesho. Dakika tano zinatosha.

Wengine wanauliza: Kifaransa ama Kiswahili? Tumia lugha ile munachekea nayo nyumbani. Kitabu kikiwa cha Kifaransa, acha maandishi, zungumza juu ya picha. Ata koko asiyejua kusoma anaweza kazi hiyo, na mara nyingi anatushinda, juu haogopi kulia kama mbuzi mbele ya watu.

Pesa hakuna? Kata kartoni safi vipande sita, bandika picha za kalenda ya zamani: ndizi, sufuria, kuku, na sura za watu wa nyumbani. Toboa, shona kwa uzi na ufunge nguvu. Usitumie agrafu, mtoto anaweza kuimeza. Kwenye intaneti, African Storybook inatoa bure hadithi za Kiswahili, unaweza kuzichapisha.

Kikipasuka, tia skochi, ukirudishe chini, pale mkono wake unafika.